Duka la sola la Mwembe Tayari: vifaa ni imara, huduma haivuki lami

Wateja wengi wa duka hili dogo la vifaa vya umeme wa jua lililo karibu na Mwembe Tayari, Mombasa, si wakaazi wa kisiwani, bali ni watu wa Kinango, Ganze na Samburu ya Kwale, wanaoshuka na matatu za alfajiri ili warudi jioni na paneli, kwa kuwa nguzo za stima hazijawafikia. Nami nilinunua hapo vifaa vya nyumba ya wazee wetu upande wa Kinango.

Muuzaji hakukimbilia kuniuzia paneli kubwa. Aliuliza taa ni ngapi na redio huwashwa kwa muda gani, kisha akapiga hesabu mbele yangu: taa nne za wati 5, zikiwaka kwa muda wa saa tano kila usiku, hula wati-saa 100, redio na simu ziongeze kama 50 hivi, na paneli ya wati 50, ikipigwa na jua mchana kutwa, inatosha. Kuhusu betri, alinishauri nichukue ya lithiamu ijapokuwa ni ghali, kwani ile ya risasi na asidi hufa mapema ikitumiwa kupita nusu ya chaji yake kila siku, na kijijini hakuna anayeipimia matumizi.

Fundi aliyetumwa alionyesha leseni yake ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati nchini, bila ya kuombwa. Paneli aliielekeza kaskazini, kwa kuwa sisi tuko kusini ya ikweta, akailaza kwa mteremko mdogo ili mvua iioshe vumbi. Lakini kabla ya kutoboa bati alingoja hadi alasiri aone kivuli cha mwembe kinaangukia wapi, maana kivuli kikifunika hata kona ya paneli, umeme hupungua sana.

Duka pia lina mpango wa lipa pole pole kwa M-Pesa, mtindo uliozoeleka nchini tangu kampuni ya M-KOPA ilipoanza kuuza sola mwaka 2012. Sikuupenda. Mkulima anayepata fedha wakati wa mavuno hawezi kulipa kila siku, na akikosa, taa hujifunga. Afadhali chama kimnunulie taslimu.

Udhaifu mkubwa ni baada ya mauzo. Kidhibiti cha chaji, kile kifaa kinachosimamia umeme unaoingia kwenye betri, kilipoharibika wakati wa mvua, waranti ilikubaliwa bila ubishi, ila ilinibidi nikibebe mwenyewe hadi Mombasa, huku wazee wakirudia koroboi. Mradi wa serikali wa umeme wa jua, KOSAP, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, uliiweka Kwale miongoni mwa kaunti 14 zilizoachwa nyuma kwa umeme, kwa hivyo duka linalotegemea wateja wa huko halina udhuru wa kukosa wakala hata mmoja Kinango mjini mwenye vipuri. Nimewaandikia ombi hilo. Wamejibu kwamba watalizingatia. Hadi hapo, anayenunua adai nambari ya fundi aliye karibu na kwao iandikwe kwenye risiti kabla hajalipa.