Q6600 yangu, kutoka 2.4 hadi gigahezi 3 kwa selotepu

Mashine yangu ni kompyuta ya ofisi, mtumba wa Uingereza, zile zinazopangwa kama matofali kwenye maduka ya Luthuli Avenue. Ilikuja na Core 2 Duo, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya kori mbili, yaani vitengo viwili vya kukokotoa. Niliing'oa nikaweka Core 2 Quad Q6600, prosesa ya Intel ya 2007, kori nne, gigahezi 2.4, niliyoinunua kwa bei ya kilo mbili za nyama. Ni mzee, najua. Lakini kazi yangu ni kuhariri video za harusi na ruracio (sherehe ya mahari), na kwa kazi hiyo kori nne kuukuu zinazishinda mbili.

Shida ni kwamba kizidishi chake, ile namba inayozidisha mapigo ya basi (njia ya data kati ya prosesa na mashine) kupata kasi, kimefungwa. Mapigo ya basi ni megahezi 266, mara 9, unapata 2400. Hiyo 9 unaweza kuishusha, kuipandisha hapana. Wenye mazabodi (bodi kuu inayobeba prosesa) za michezo wanaingia kwenye baiosi, ile mipangilio ya msingi ya mashine, na kupandisha mapigo yenyewe. Baiosi yangu mimi ina tarehe, nywila na mpangilio wa diski tu.

Fundi mmoja pale mjini aliangalia akacheka. "Bosi, hiyo imefungwa kiwandani, haiendi popote. Chukua i5." Akanitajia bei ya hiyo prosesa mpya zaidi. Nikamwambia nitarudi.

Kumbe prosesa za soketi 775, aina ya tundu inamokaa Q6600, ndizo zinazoiambia mazabodi zinataka mapigo gani, kupitia miguso mitatu inayoitwa BSEL. Tofauti ya 266 na 333 iko kwenye mguso mmoja tu, BSEL2. Kwenye Q6600 mguso huo umevutwa chini, yaani kwenye volti sifuri. Ukiufunika usiguse soketi, ishara inapanda na mazabodi inasoma 333. Mara 9, hiyo ni 3000. Sharti ni kwamba chipseti, chipu za mazabodi zinazozungumza na prosesa, iwe inakubali basi ya 1333, yaani 333 mara nne. Yangu ni Q35, inakubali. Kama yako haikubali, utaishia kutazama skrini nyeusi.

Nilifanya kazi hiyo usiku, kwenye meza ya chakula, kwa wembe mpya na selotepu ya kawaida ya kufungia bahasha. Nilikata juu ya kioo cha simu iliyokufa, kipande kidogo kuliko punje ya ulezi, nikakiinua kwa ncha ya sindano. Usipumue kwa nguvu. Cha kwanza kilipeperuka na sijakiona hadi leo. Cha pili kilikaa, lakini kilifunika na mguso wa jirani. Nikawasha: feni ikanguruma kama matatu ya Kayole, skrini kimya. Nilikaa hapo nikihesabu hasara ya kilo mbili za nyama. Nikafungua tena, nikafuta kwa spiriti, nikakata kingine chembamba zaidi, nikapaka upya pesti ya joto, nikabana. Safari hii baiosi iliandika 3.00.

Sikuamini baiosi peke yake. Niliiachia Prime95, programu ya kuitesa prosesa kwa hesabu, usiku kucha, asubuhi haikuwa na kosa hata moja. Joto ndilo lililoniuma kidogo: kwa mzigo kamili kori zilikuwa nyuzi 61, sasa zinafika 70 na feni inasikika hadi jikoni. Volti haikuguswa, maana mashine ya ofisi haina pa kuigusia, kwa hiyo umeme unaoongezeka ni wa kasi tu. Kwenye tokeni za mwezi sijaona tofauti ya kulalamikia. Video iliyokuwa ikichukua dakika 40 kutoka, sasa ni 33. Mteja anayesubiri flashi mlangoni anaziona hizo dakika saba.

Jambo ambalo sikulitarajia ni gundi. Wiki ya tano mashine ilikuwa nzito ghafla. Nikaangalia CPU-Z, programu inayoonyesha kasi ya prosesa: 2.4. Joto lilikuwa limelainisha selotepu, ikateleza. Hakuna kilichoungua, prosesa ilirudi tu ilikotoka. Nimebadilisha mara mbili tangu hapo. Anayechukia kufungua mashine asianze.

Ukienda kununua, geuza prosesa usome kifuniko. Tafuta maandishi SLACR. Hiyo ni toleo la G0, wati 95. Ile ya mwanzo, SL9UM, ni wati 105 na inachemka zaidi. Wauzaji wengi wanaziweka sanduku moja kwa bei moja, kwa hiyo kuchagua ni kazi yako. Mimi nilipekua kumi na moja kabla ya kuipata, na muuzaji alishaanza kunitazama kama mwizi.

Kwa pesa niliyotoa naipa nne kwa tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya kelele.

Habari imeshasambaa kwenye ploti. Jumamosi jirani wa ghorofa ya tatu alinipigia hodi na i5-2400 mkononi, imefungwa kwenye gazeti. "Kaka, na yangu nibandikie." Nikamwambia hiyo ni Sandy Bridge, kizazi cha prosesa za Intel cha 2011, haina basi ya namna hii: mapigo yake ya 100 yanaendesha karibu kila kitu, ukiyasukuma zaidi ya asilimia chache mambo mengine yanaanza kugoma, na mazabodi yake ya ofisi haikupi hata hizo chache. Akanitazama kama ninamficha siri. Prosesa aliniachia, eti nikipata nafasi nijaribu. Bado iko hapa mezani, ndani ya gazeti lake.