Pepaminti nzuri, huduma ya kukera: uzoefu wangu Area D

Jina la mgahawa silitaji. Wa Area D mtaujua wenyewe: bustani mbele, na ubao wa chaki umeandikwa chai ya pepaminti, shilingi 3,000. Dodoma hii ukikataa chai ya maziwa unaletewa ya rangi au ya tangawizi, basi. Kwa hiyo nilipouona ule ubao nikaingia bila kujiuliza. Nilikuwa nimetoka kula mbuzi choma, tumbo limejaa gesi, na kwa upepo wa vumbi wa siku zile pua nayo ilikuwa imeziba.

Kikombe kikaja. Majani mabichi, mashina yana ile rangi ya zambarau, hapo sina neno. Ila kiko wazi, mvuke unajiendea zake. Yule binti hata shikamoo hakunipa, nikasamehe. Nikamwambia taratibu, "Mwanangu, niletee kisahani nifunikie." Akanitazama, akakitazama kikombe. "Mama, hapa hatufuniki. Ukitaka ya kufunika kapike kwako." Akarudi kwenye simu yake.

Kapike kwako! Na hela yangu ameshapokea!

Jamani, utamu wote wa pepaminti uko kwenye mentholi, ile inayokuletea ubaridi kooni, nayo inaondoka na mvuke. Ndiyo maana hatuitokosi sufuriani kama mchaichai; unamwagia maji ya moto, unafunika, unasubiri kama dakika tano hadi kumi. Ukiacha wazi, harufu inafaidiwa na meza ya jirani. Na maji yetu ya Dodoma mnayajua yalivyo na chumvi: harufu ikishapotea, unakunywa chumvi ya moto. Nikachukua menyu yao, ile ya plastiki, nikafunikia. Akaniona. Akasonya. Nikaapa sikanyagi tena pale.

Halafu nikanywa, na hapo ndipo hasira ilipoanza kunichanganya. Pua ikafunguka. Baada ya muda tumbo nalo likatulia. Sukari sikutia hata chembe, mimi ambaye ya rangi naitia vijiko vitatu. Na kwa kuwa haina kafeini, usiku nililala vizuri tu. (Wenye kiungulia msiige: inalegeza mlango wa juu wa tumbo, asidi inapanda. Dada yangu yalimkuta.)

Wakati natoka nikapita uani, nikaikuta yenyewe imejaa pembeni ya bomba, mama wa jikoni anachuma. Nikamsalimu, nikamuuliza mbegu anapata wapi. Akacheka. "Hii haina mbegu, dada yangu, ni ya kukata." Ni kweli, pepaminti ni chotara wa minti mbili, ile ya kawaida na ya majini, haizai mbegu ya kupanda. Akanikatia vijiti, akavifunga kwenye gazeti alilolilowesha. Hela akakataa.

Sasa nitoe nyota ngapi? Nilishapanga moja. Yule mama ni tano, chai nne, binti sifuri, na 3,000 kwa majani yanayoota bombani ni wizi wa mchana. Tuseme tatu. Na kile kiapo msiniulize, nimesharudi. Naenda asubuhi, kabla yule binti hajaingia zamu.