Uzoefu wangu: unga wa kreatini baada ya miezi 8

Bidhaa yenyewe ni kreatini monohaidreti tupu, iliyosagwa laini, isiyo na ladha, kopo la gramu 500. Nimeitumia gramu 5 kila siku kwa miezi 8 na sasa niko kwenye kopo la 3. Nimevuka miaka 50, na nilichotaka ni miguu na mgongo vinavyobaki na nguvu umri unavyosonga. Kwa lengo hilo naiunga mkono, kwa sharti moja kubwa: unyanyue vyuma. Asiyenyanyua kitu kizito aache hela yake mfukoni.

Sababu iko kwenye namna inavyofanya kazi. Mwili hujitengenezea takriban gramu 1 ya kreatini kwa siku, na nyingine hutoka kwenye nyama na samaki. Kilo nzima ya nyama mbichi ya ng'ombe ina gramu 4 hadi 5 tu. Karibu yote huhifadhiwa ndani ya misuli, na humo hutumika kurudisha nishati haraka katika sekunde chache za kwanza za juhudi kali. Akiba ikijaa, unapata marudio 1 au 2 ya ziada mwishoni mwa seti (mfululizo wa marudio unaofanya bila kupumzika), pale ambapo awali chuma kingekushinda. Marudio hayo ya ziada, yakijirudia wiki baada ya wiki, ndiyo yanayojenga misuli. Unga peke yake haujengi chochote. Wasiokula nyama kwa kawaida huanza na akiba ndogo, kwa hiyo mara nyingi wao ndio huona tofauti kubwa zaidi.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo watu wengi huharibu. Kijiko kilichokuja ndani ya kopo kimeandikwa gramu 5. Nilikipima kwenye mizani ndogo ya jikoni: kikijazwa bila kushindilia kilitoa gramu 4.1, kikishindiliwa gramu 5.7. Hiyo si kasoro ya kuogopesha, lakini anayechota kijiko cha mlima kila siku anamaliza kopo kabla ya siku 100 na hapati faida ya ziada. Pima mara 3 au 4 mwanzoni, ujue kijiko chako kinapaswa kujaa hadi wapi, kisha endelea kwa macho.

Maji nayo yana kanuni yake. Lita 1 ya maji yenye joto la nyuzi 20 huyeyusha takriban gramu 14 za unga huu, si zaidi. Kwa hesabu hiyo gramu 5 zinahitaji kama mililita 350. Wengi hutia kijiko kwenye nusu glasi, wanakoroga, wanaona mchanga umetulia chini, wanaumeza hivyo hivyo, halafu wanalalamika kwamba tumbo linanguruma na wanaharisha. Chembe ambazo hazijayeyuka huvuta maji ndani ya utumbo, basi. Tumia maji vuguvugu, koroga dakika moja, kunywa, kisha ongeza maji kidogo usuuze glasi na unywe mabaki. Usichanganye asubuhi ili unywe jioni, hasa kwenye juisi yenye uchachu: kreatini iliyoyeyuka huvunjika polepole na kuwa kreatinini, ambayo haina kazi kwa misuli. Ukiwa mkavu kwenye kopo, unga huo huo hukaa vizuri kwa muda mrefu. Saa ya kunywa haina uzito mkubwa. Mimi huufunga na mlo wa kwanza ili nisisahau.

Lebo inapendekeza kuanza na dozi kubwa: gramu 20 kwa siku, zigawanywe mara 4, kwa siku 5 hadi 7. Utaratibu huo una msingi. Mtafiti Roger Harris na wenzake walionyesha mwaka 1992 kwamba dozi za gramu 5 zilizorudiwa mara kadhaa kwa siku huongeza akiba ya kreatini misulini ndani ya siku chache. Lakini gramu 3 hadi 5 kwa siku hufika palepale baada ya wiki 3 au 4. Kama huna shindano wiki ijayo, sioni kwa nini ulisumbue tumbo. Ruka hatua hiyo.

Mizani ya mwili itapanda kilo 1 hadi 2 katika wiki za mwanzo. Ni maji, na yamekaa ndani ya misuli. Mtu anayeogopa kunenepa huona namba hiyo akapunguza chakula, na hapo anajikata miguu mwenyewe, kwa sababu misuli haijengwi na mwili wenye njaa.

Jambo ambalo lebo ya kopo haikusema hata kwa neno moja, nami naona ilipaswa kusema, ni vipimo vya damu. Madaktari hutumia kreatinini kukadiria kazi ya figo. Ukitumia unga huu, na ukiwa na misuli mingi, kreatinini inaweza kupanda kidogo hata figo zikiwa nzima. Mwambie daktari kabla hajatoa damu kwamba unatumia kreatini. Akiwa na shaka, kuna kipimo cha sistatini C, protini iliyomo kwenye damu, ambacho hakitegemei kreatini. Hilo ni kwa wenye figo nzima. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa zinazozielemea figo, asifungue kopo bila ruhusa ya daktari wake.

Mazoezi ninayoyaambatanisha nayo ni siku 3 kwa wiki, dakika 45 hivi. Kuchuchumaa na uzito, kuinua chuma kutoka sakafuni, kusukuma, kuvuta, na kutembea umebeba dambeli mikononi. Seti 3 za marudio 8 hadi 12, ukiacha pale unapohisi yamebaki marudio 2 kabla ya kushindwa. Seti zote 3 zikifika 12 kwa mkao sahihi, ongeza kilo 2.5 kwa miguu au kilo 1 kwa mikono, urudi kwenye 8. Pumzika dakika 2 hadi 3 kati ya seti nzito. Wanaopumzika sekunde 40 wanadhani wanajituma, kumbe wanaikosesha kreatini muda wa kujirudisha, na ndiyo kwanza wameilipia.

Kwa waliovuka miaka 50 nasisitiza jambo moja zaidi: unaponyanyua, shuka taratibu, panda haraka. Uwezo wa misuli kutoa nguvu kwa kasi hupungua mapema kuliko nguvu yenyewe, na kasi hiyo ndiyo inayokushika unapojikwaa. Chagua uzito mwepesi kidogo kwa seti hizo, na usirushe chuma.

Kuhusu chakula, protini ndiyo tofali. Gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku inatosha watu wengi wanaofanya mazoezi. Mwenye kilo 70 anahitaji gramu 84 hadi 112. Zigawanye. Misuli iliyozeeka haiitikii vizuri protini kidogo kidogo, kwa hiyo gramu 30 hadi 35 kwa kila mlo katika milo 3 ni bora kuliko 10 asubuhi, 15 mchana na rundo zima usiku. Mlo wa asubuhi ndio huwa dhaifu. Mayai 2 yana kama gramu 12 tu, kwa hiyo yaongezee maziwa, maharage, samaki au unga wa protini ya maziwa.

Sikuona mabadiliko yoyote kwenye kukimbia umbali mrefu, na sikuyategemea. Mifupa nayo usiikabidhi kwa kopo hili: jaribio la miaka 2 kwa wanawake waliokoma hedhi, wakifanya mazoezi, halikuonyesha kwamba kreatini iliongeza uzito wa madini kwenye mifupa yao. Hofu kwamba kreatini hunyonyoa nywele ilianzia kwenye utafiti mmoja mdogo wa mwaka 2009 kwa wachezaji wa raga. Ulipima homoni inayohusishwa na upara, nywele hazikuhesabiwa.

Unaponunua, soma orodha ya viungo. Inapaswa kuwa na kitu kimoja. Aina nyingine zenye majina marefu na bei kubwa hazijaonyesha kuishinda monohaidreti ya kawaida. Pipi laini za kutafuna zenye kreatini nazikwepa: unyevu na uchachu wake si rafiki wa kreatini, na kufikisha gramu 5 hutaka utafune nyingi pamoja na sukari yake. Mchanganyiko usiotaja kiasi cha kila kiungo urudishe rafuni. Alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, inayoonyesha kwamba bidhaa imepimwa kutafuta dawa hizo zilizokatazwa michezoni, ni muhimu hasa kwa mwanamichezo anayepimwa dawa zilizokatazwa.

Malalamiko yangu kwa kopo hili ni mawili. Kijiko kilikuwa kimezama chini kabisa, ukikitafuta unamwaga unga. Na kifuniko hakibani sawasawa, hivyo kopo la pili liligandamana kwa unyevu. Mabonge yakiwa makavu na hayana harufu, yavunje utumie. Usiingize kijiko kibichi tu.

Ukisahau siku moja, usiongeze dozi kesho yake. Akiba iliyojaa huchukua kama wiki 4 hadi 6 kurudi ilipokuwa, hata ukiacha kabisa.