Nasi kerabu ya Kelantan na nasi dagang ya Terengganu

Kati ya vyakula vyote vya Kimalay nilivyoonja katika safari yangu ya pwani ya mashariki ya Malaysia, hakuna kilichonivutia kama nasi kerabu niliyoandaliwa katika mkahawa mmoja mdogo mjini Kota Bharu, jimbo la Kelantan. Wali wake ni wa buluu, rangi itokanayo na maua yaitwayo bunga telang, na juu yake mpishi alipanga majani mabichi yaliyokatwa membamba kama nyuzi, nazi iliyokunwa na kukaangwa hadi ikawa ya kahawia, yai la chumvi na kipande cha samaki. Kisha hunyunyiziwa budu, yaani mchuzi wa dagaa waliochachushwa kwa chumvi. Harufu yake ni kali, lakini ukishauchanganya vizuri na wali, ladha zote hushikana, na mlaji anayeuacha pembeni hujinyima kiini cha chakula chenyewe.

Huko Terengganu, jimbo jirani, nilikula nasi dagang, wali uliopikwa kwa tui la nazi na uwatu, ukiandamana na mchuzi mzito wa jodari. Wali ulikuwa mtamu sana, ingawa samaki alikuwa amekwisha kukauka, kwa kuwa nilifika kibandani karibu na adhuhuri, ilhali chakula hiki huliwa hasa asubuhi. Ninamshauri msafiri kwa dhati afike saa moja au saa mbili, wakati sufuria bado inafuka mvuke.