Uzoefu wangu na boksi la kuotesha fuwele kwa siki

Fuwele zinaota kweli, tena vizuri. Ndani ya boksi mna mawe ya chokaa, sahani ya plastiki, kichupa cha rangi na karatasi ya maelekezo. Siki unajitafutia. Ile nyeupe ya jikoni, yenye asidi ya asetiki kama asilimia 5, inatosha kabisa.

Unaweka jiwe kwenye sahani, unamimina siki na kuacha sehemu ya juu ya jiwe ikiwa nje. Vipovu vinaanza papo hapo. Ni kaboni dioksidi, inayotoka asidi inapolila jiwe. Kinachobaki ndani ya siki ni asetati ya kalsiamu, chumvi ambayo huioni mpaka maji yapungue.

Sasa hapa ndipo nilipolipenda hili boksi. Nilitarajia fuwele zitokee chini, palipo na siki. Wapi! Ziliota juu, kwenye sehemu kavu. Jiwe lina vitundu vidogo mno, na siki inapanda humo kama mafuta ya taa kwenye utambi. Ikifika juu maji yanakauka, chumvi inabaki. Kwanza unaona ukungu mweupe, halafu vinundu. Nilipovitazama kwa lenzi, kila kinundu kilikuwa sindano nyembamba zilizosongamana, zote zimeelekea nje. Rangi niliijaribu kwenye jiwe moja tu. Ilishika mabaka mabaka, na mimi nazipenda zaidi zikiwa nyeupe.

Malalamiko ninayo mawili. Karatasi inasema ufunike sahani. Ukifunika, siki haikauki, na isipokauka hakuna fuwele. Acha wazi, mahali penye hewa, na uvumilie harufu. La pili ni neno “vito” lililoandikwa kwenye boksi. Hivi si vito. Ni chumvi laini, ukiibana kwa kidole inavunjika. Mtoto anayenunuliwa boksi hili anastahili kuambiwa ukweli, hasa kwa kuwa ukweli wenyewe unavutia kuliko hilo neno.

Kama una mkusanyiko wa makombe ya baharini, usiweke sahani karibu nayo. Makombe nayo, kama mawe ya chokaa, ni kalsiamu kaboneti, na mvuke wa siki unayala polepole. Mwaka 1899 Mwingereza Loftus Byne aliandika juu ya unga mweupe uliokuwa ukiharibu makombe kabatini. Baadaye ilijulikana kwamba mara nyingi chanzo ni asidi inayotoka kwenye mbao za kabati lenyewe, na unga huo ni wa jamii hii hii ya chumvi.

Je, ununue? Ukiwa na jiwe la chokaa au kipande cha tumbawe lililokufa, unaweza kufanya haya bila boksi. Jaribu kwa tone la siki: likitoa povu, linafaa. Itale na kwatzi hazitakupa kitu. Kwa asiyejua kutambua mawe, au mwalimu anayetaka darasa zima lipate matokeo, mimi nasema nunua. Fuwele zikishaota usizioshe, maji yanaziyeyusha. Vumbi lipulize tu.