Seva kama huduma ya mfumo: systemd, launchd na Windows, nani anafanya kazi vizuri?

Kama bado unawasha seva kwenye terminal halafu unaliacha dirisha wazi, acha kabisa hiyo tabia, maana lile dirisha likifungwa au umeme ukikatika ndo basi, mashine itawaka tena lakini seva hamna. Inatakiwa iwe huduma ya mfumo, iwake pamoja na mashine na ikidondoka iinuliwe, na hapo ndo hii mifumo inapotofautiana sana.

Mimi namba moja nampa systemd, yaani msimamizi wa huduma kwenye Linux. Kelele zilikuwa nyingi Debian 8 (toleo la Linux) ilipotoka nayo 2015, na ni kweli limekuwa dude kubwa mno, ila kwa kazi hii halina mpinzani. Kafaili kamoja kafupi ndani ya /etc/systemd/system, unaandika ExecStart (amri ya kuwasha seva), unaweka User= ili seva isitembee na nguvu za root, yaani mtumiaji mwenye ruhusa zote, unaongeza Restart=on-failure ili iinuliwe ikianguka, halafu unaiwasha kwa systemctl enable --now, imeisha hiyo. Ninachoipendea zaidi ni amri ya journalctl -u, yaani unasoma seva ilisema nini kabla haijafa hata kama hukuseti logi (faili la kumbukumbu) yoyote. Angalia kitu kimoja tu: ikianguka mara 5 ndani ya sekunde 10 inaachwa hapohapo chini, na kwa kuwa kawaida inasubiri milisekunde 100 tu kabla ya kujaribu tena, hizo nafasi 5 zinaisha fasta hasa kama seva inangoja databesi iamke. Weka RestartSec=5, yaani isubiri sekunde 5 kila mara, itaendelea kujaribu mpaka databesi iwe tayari.

launchd ya Mac, iliyoanza na toleo la Tiger 2005, ni imara sana ila zile plist (faili za maelezo ya huduma) za XML zinachosha kuandika. Faili iweke /Library/LaunchDaemons, usiweke LaunchAgents, huko seva haiwaki mpaka mtu aingie kwenye akaunti yake. Na weka StandardOutPath na StandardErrorPath, yaani faili za kuandikia maneno na makosa ya seva, bila hivyo seva ikilalamika hakuna atakayesikia.

Windows sasa, hii ndo inaumiza kichwa. Programu ya kawaida ukiisajili kwa sc create (amri ya kusajili huduma) inasajilika ila haikubali kuwaka, mfumo unangoja sekunde kama 30 programu ijitambulishe kama huduma, isipofanya hivyo unapata kosa 1053, wakati seva yenyewe ni nzima kabisa!! Ndo maana watu wanaifunika kwa NSSM au WinSW, programu zinazojitambulisha kama huduma kwa niaba ya seva, na kwa kweli zote mbili zinasaidia, mimi napendelea WinSW maana seti zake zinakaa kwenye faili unaloweza kuhamisha nalo. Ukishamaliza badilisha akaunti inayoendesha huduma, usiiache kwenye LocalSystem, ina nguvu kupita kiasi, LocalService inatosha kwa seva nyingi. Halafu kabla hujahangaika na hayo yote cheki kwanza kama seva yako inajisajili yenyewe, mfano databesi ya PostgreSQL ina amri ya pg_ctl register, hapo huhitaji kifuniko chochote.