Gitaa la besi: kuacha vifuniko vya chuma au kuviondoa?

Fender ilipoanza kuuza Precision Bass mwaka 1951, gitaa hilo lilikuja na vifuniko viwili vya chuma chenye kromu: kimoja juu ya pikapu, yaani sumaku na koili inayogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme, na kingine juu ya daraja la nyuzi.

Anayeviacha hupata faida za kweli. Kifuniko cha pikapu hukinga koili na mkono usiigonge, hupunguza mvumo wa umeme kikiunganishwa na waya wa ardhi, na huupa mkono mahali pa kuegemea. Kile cha daraja huficha kipande cha sponji kinachobana nyuzi, hivyo noti hutoka fupi na nzito, kama ngoma iliyofunikwa kitambaa. James Jamerson, mpiga besi wa Detroit, aliviacha vyote viwili, akaegemeza vidole juu ya chuma na kupiga kwa kidole cha shahada peke yake. Naipenda sana sauti ile.

Anayeviondoa hupata uhuru wa mkono: anaweza kupiga karibu na daraja, ambako sauti ni kali zaidi, au kutumia dole gumba bila kizuizi. Kuhusu mvumo hapotezi mengi, kwa kuwa tangu 1957 pikapu ya Precision imegawanywa sehemu mbili zinazoufuta zenyewe. Kwa mwanafunzi, ningeshauri aviondoe, lakini skrubu zake azihifadhi.